Mabati Mawili

Nimeanzia kona ya saluni, Majohe,
kalamu sikioni, futikamba kiunoni,
fomu zote ndani ya mfuko wa sukari
maana mvua bado haijaamua kama imeondoka.
Mwenyekiti kaniambia: Shomvi,
andika unachokiona, usiandike unachoambiwa.

Naona kisulisuli kilipita kama mdai
aliyechoka kuzungushwa.
Dakika nne, wanasema. Wengine saba.
Mama Ngwali anasema alasiri nzima,
na simbishii: yeye ndiye aliyekuwa chini ya meza.

Njia yake imenyooka.
Upana hatua thelathini na mbili, nimezipiga mwenyewe,
toka kisima cha msikiti hadi bondeni,
ambako simtanki la shule limekaa wima
na maji yake nusu,
watoto wanakwenda kulitazama kama bibi harusi.

Kwa Kibwana Pazi: mabati kumi na manane, geji thelathini.
Sita kayapata juu ya mfenesi wa jirani,
anayajua kwa alama ya rangi ya bluu.
Jirani naye anazo rangi za bluu.
Hapo nimekaa saa nzima.

Kwa Shukrani Mlaponi: paa ni la mwenye nyumba,
mwenye nyumba yuko Mwanza,
kapiga simu mara tatu kuuliza mabati mangapi.
Godoro ni la Shukrani. Daftari la vikoba ni la Shukrani.
Unga uliojikoroga uji sakafuni ni wa Shukrani.
Fomu inauliza: mmiliki?
Nimeandika jina la aliye Mwanza,
godoro nikalibana pembeni,
herufi ndogo, kama mtu anayenong'ona.

Kisha, katikati kabisa ya mstari,
nyumba ya Bi Tausi.

Jana jioni nilipita hapa. Paa lilikuwa zima.
Kulia kumelala, kushoto kumelala,
yake imesimama na pazia lake dirishani.
Bombani hakuna aliyetaja uchawi.
Walisema tu, "Ana bahati yule,"
wakaendelea kuchota,
na ndoo zikajaa polepole kuliko siku zote.

Leo mabati mawili hayapo.
"Na mimi, mwanangu," ananiambia mlangoni,
"na mimi kilinipitia."
Mjane, goti bovu,
vidole viwili vimefungwa kitambaa.

Nimepanda ngazi.
Upepo nimeujua tangu asubuhi, mwandiko wake nausoma:
huchana bati, hupinda msumari,
hunyofoa mbao na nyuzi zake.
Hapa mbao ni nzima.
Matundu ni safi, yamefuatana.
Misumari imo ndani ya kopo la maziwa dirishani,
kofia zake za mpira hazijapotea hata moja.
Nyuma ya choo, mabati mawili yameegemezwa ukutani,
yamefunikwa kanga kuukuu
yasije yakalowa.

Na ndani, juu ya kitanda chake, beseni.
Tone. Kimya. Tone.

Nilishuka. Hakuniuliza nimeona nini.
Alikuwa akitazama kalamu tu,
kama mgonjwa anavyotazama sindano.

Andika unachokiona.
Nami nilimwona mwanamke wa miaka sitini na minane
juu ya ngazi, usiku, na nyundo,
akiomba kwa mikono yake
ahesabiwe na wenzake.

Nikaandika: Tausi binti Mkumba. Mabati, mawili.
Sababu: upepo.

"Nisomee," akasema. "Kwa sauti. Sisikii vizuri."
Anasikia vizuri sana.
Nikageukia bombani, nikasoma
kama ninayesoma tangazo la serikali.

Ndoo moja ikatuliwa chini.
Halafu, kwa mara ya kwanza tangu juzi,
mtu akapaza sauti kutoka kule:
"Pole, Bi Tausi!"

Akashika fremu ya mlango,
akameza kitu.

"Tumeshapoa," akaitikia.
"Tumeshapoa, wanangu."